Gari Limefungwa na Betri Imekufa: Namna ya Kuingia Bila Kuvunja Kioo

Gari limelala bandarini Mwanza siku sita, mwenye nalo alipanda meli kwenda Bukoba au Nansio. Amerudi, anabonyeza rimoti, kimya. Anasogea hadi mlangoni, anabonyeza tena, kimya. Taa haziwaki na kitasa hakilii. Hapo wengi hukimbilia waya wa henga au jiwe, na ndipo hasara inapoanzia, kwa sababu karibu kila gari linalotembea mjini hapa lina njia ya kuingilia isiyohitaji umeme hata chembe. Ni suala la kujua njia hiyo iko wapi na kuitumia kwa upole.

Kwanza jua iliyokufa ni betri ipi

Kuna betri mbili: ile ndogo ya duara iliyo ndani ya rimoti na ile kubwa ya gari. Dalili ya nje ni moja, rimoti haifungui, lakini tiba zake ni tofauti kabisa.

Tazama kitaa kidogo kwenye rimoti unapobonyeza. Kikiwaka vizuri na gari halijibu, shuku betri ya gari. Kisipowaka, shuku rimoti. Kisha kinga kioo kwa viganja uchungulie dashibodi: magari mengi yana kitaa chekundu cha alamu kinachopepesa muda wote gari likiwa limefungwa. Kama kinapepesa, betri ya gari bado ina uhai na shida iko mkononi mwako. Kama kimezima kabisa na unajua huwa kinapepesa, betri ya gari imekwisha au kichwa chake (kibanio cha waya juu ya betri) kimelegea. Ukiwa umeegesha jirani na mnara wa mawasiliano, sogeza rimoti igusane na mlango ndipo ubonyeze. Mawimbi yenye nguvu huweza kumeza ishara ya rimoti na kukudanganya.

Betri ya rimoti ni ya volti 3 na namba yake imechapwa mgongoni: CR2032, CR2025, CR1632 na kadhalika. Namba hizo zina maana. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene kwa sehemu za kumi za milimita. Kwa hiyo CR1632 ina upana wa milimita 16 na unene wa 3.2, na haiwezi kukaa mahali pa CR2032 hata duka likikuhakikishia kwamba "ni zilezile". Toa ya zamani uende nayo dukani. Ukikosa betri mpya saa hiyo, fungua mlango kwa ufunguo wa chuma, kaa ndani, kanyaga breki, gusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia (kwa Toyota, upande wenye nembo ndio unaogusa kitufe), subiri mlio, kisha bonyeza. Gari linasoma chipu ya ndani ya rimoti bila kutegemea betri yake.

Kuanzia hapa tunazungumzia gari ambalo betri yake kubwa imekufa.

Ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti

Watu huendesha Crown, Harrier, Mark X au X-Trail miaka mitatu bila kujua kwamba rimoti wanayotembea nayo mfukoni ina ufunguo wa chuma tumboni. Tafuta kidude kidogo cha kusukuma ubavuni au mgongoni, kwa kawaida karibu na kipete cha kuning'inizia. Kisukume kwa kucha, ukikishikilia hivyo hivyo uvute kichwa cha chuma kitoke. Kwenye rimoti nyingine kipete chenyewe ndicho kichwa cha ufunguo.

Tundu liko mlango wa dereva, yaani kulia kwa magari yetu. Milango mingine mara nyingi haina tundu, kwa hiyo usipoteze muda kuizunguka. Kwenye magari mengi ya Kijapani tundu linaonekana wazi pembeni ya mkono wa mlango. Kwenye baadhi ya magari mapya, na hasa ya Ulaya kama Volkswagen, limefunikwa na kifuniko cha plastiki chenye rangi ya gari. Pitisha kidole chini ya kifuniko hicho utagusa mpasuo mwembamba. Ingiza ncha ya ufunguo kwenye mpasuo, sukuma juu taratibu huku ukivuta kifuniko kuelekea kwako. Mwingine huanza kukwangua kwa bisibisi kutoka ubavuni. Rangi inatoka, kifuniko kinavunja meno yake na hakikai tena.

Ingiza ufunguo hadi mwisho. Zungusha upande mmoja kwa vidole viwili tu. Ukigoma, rudisha katikati ujaribu upande wa pili, maana magari hayafanani. Ukizunguka na mlango haufunguki, zungusha tena, shikilia ulipofika, na mkono wa pili uvute mlango wakati huo huo. Kuna vitasa vinavyotaka mambo hayo mawili kwa pamoja.

Ufunguo unafungua mlango huo mmoja tu. Ile tabia ya milango yote kufunguka pamoja ni kazi ya umeme, na umeme haupo. Milango mingine utaifungua ukiwa ndani, kwa kuvuta komeo lake kwa mkono.

Tundu likigoma

Hapa ndipo pagumu, na chanzo ni kwamba tundu hilo halijaguswa tangu gari lishuke melini kutoka Japani. Maji ya Ziwa Victoria si ya chumvi, kwa hiyo magari yetu hayaliwi na kutu kwa kasi ya Dar es Salaam au Tanga, lakini unyevu wa ziwani ukichanganyika na vumbi la barabara za ndani za Nyegezi, Igoma au Buswelu hutengeneza tope jembamba ndani ya tundu, likikauka linashika pini za ndani ya kitasa kama saruji.

Usilazimishe. Kichwa cha ufunguo wa rimoti ni chembamba, hakina mpini wa kushika, na mtu akikizungusha kwa koleo kinakatikia ndani. Kikikatika humo, tatizo la dakika kumi limegeuka kazi ya kushusha mlango mzima. Pulizia WD-40 ndani ya tundu kwa sekunde mbili, mrija wake mwekundu ukiwa umeingia, subiri dakika tano hadi kumi. Ingiza na kutoa ufunguo mara kumi hadi kumi na tano bila kuuzungusha, ukiufuta kwa kitambaa kila unapotoka na uchafu. Puliza tena, ndipo ujaribu kuzungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Ukiona umeanza kusogea hata nywele moja, uvumilivu utamaliza.

Usitie mafuta ya kupikia, oili ya injini wala grisi. Vitalainisha leo na kukamata vumbi mwezi mzima unaofuata. Baada ya tundu kufunguka na kukauka, kilainisho kinachofaa kubaki humo ni unga wa grafaiti. Ukikosa, kwangua risasi ya penseli laini, paka ufunguo, ingiza mara kadhaa.

Kuna hali mbili ambazo dawa haisaidii. Ya kwanza: ufunguo unazunguka kirahisi kabisa lakini hakuna kinachoshika. Hapo kifimbo kinachounganisha tundu na kitasa kimechomoka ndani ya mlango, mara nyingi kwa sababu kibanio chake cha plastiki kimevunjika. Ya pili inaumiza zaidi: ufunguo hauingii au hauzunguki kwa sababu si wa mlango huo. Gari liligongwa, likavalishwa mlango wa gari jingine, na fundi hakuhamisha tundu la zamani. Rimoti iliendelea kufungua kwa umeme, hakuna aliyegundua. Kuna pia magari yaliyofika nchini yakiwa na rimoti isiyo na kichwa cha chuma ndani. Anayenunua gari achomoe ufunguo huo mbele ya muuzaji, aufungulie mlango, aufungie, kabla ya kutoa hela.

Magari yenye betri nyuma

Mlango ukifunguka, vuta wenzo wa boneti chini ya dashibodi upande wa dereva. Wenzo huo ni waya wa chuma mtupu, hauhitaji umeme. Kwa gari la kawaida unakutana na betri hapo hapo.

Kwa Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu betri ya volti 12 iko nyuma, kona ya kulia, na mlango wa nyuma unafunguka kwa umeme. Usihangaike nao. Fungua boneti, tafuta sanduku la fyuzi, fungua mfuniko wake, utaona kifuniko kidogo chekundu. Ukikiinua kuna kipande cha chuma: hapo ndipo chanya ya kushtulia, yaani ya kupokea umeme wa betri nyingine. Hasi iweke kwenye chuma kitupu cha injini. BMW nyingi nazo zina betri ndani ya buti na kituo cha kushtulia chini ya boneti, kikiwa na alama ya kujumlisha.

Ukitaka kuingia nyuma bila umeme, lala kiti cha nyuma utambae. Magari mengi ya mlango wa nyuma wa kunyanyua yana kifuniko kidogo cha plastiki ndani ya mlango huo, na chini yake kuna kidude cha kufungulia kwa mkono au kwa bisibisi.

Kwa gari lolote la haibridi (linalotumia petroli na umeme), nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Prius hubeba zaidi ya volti 200 humo.

Kulisha gari umeme kutoka chini

Hii ndiyo njia ya mafundi umeme pale ufunguo wa chuma haupo au tundu limekufa, na rimoti bado ni nzima. Ukifikisha volti 12 kwenye mfumo wa gari kutoka nje, vitasa vinafufuka na rimoti inafungua kama kawaida. Waya mnene wa chanya hutoka kwenye betri hadi kwenye stata (mota inayozungusha injini ili iwake) moja kwa moja, bila swichi katikati. Kwa hiyo ukiigusa stata umeigusa betri. Hata kama tatizo ni kichwa cha betri kilicholegea, njia hii inafanya kazi, kwa kuwa unalisha gari lenyewe.

Unahitaji nyaya za kushtulia zenye urefu wa mita 2.5 au zaidi, betri nzima ya volti 12, tochi, kipande cha mpira wa tyubu, spana namba 10 na bisibisi kwa ajili ya kinga ya plastiki iliyo chini ya injini. Betri si lazima itoke kwenye gari. Ya sola inafaa. Ukiwa mwaloni, Kirumba au mwalo wowote wa kando ya ziwa, uliza wavuvi wa dagaa: taa zao za usiku siku hizi nyingi ni za LED zinazotumia betri za volti 12. Kwa kufungua vitasa inatosha; kwa kuzungushia injini, betri ndogo hizo hazitoshi.

Usalama wa anayeingia chini ndio unaotangulia. Gari liwe pahali tambarare, mawe yameziba magurudumu mbele na nyuma. IST, Vitz au Passo halina nafasi ya mtu kupita, itabidi liinuliwe, na likiinuliwa liwekewe stendi au magogo imara. Jeki peke yake haishikilii gari juu ya kifua cha mtu. Mwanza ni mji wa miinuko. Ikiwa gari limeegeshwa mteremkoni Isamilo au Bugando, acha njia hii.

Stata ni kama kopo nene la chuma lililofungwa mahali injini inapokutana na gia boksi. Ina waya mbili. Mmoja ni mnene kama kidole cha mwisho, umefungwa kwa nati chini ya kofia ya mpira. Wa pili ni mwembamba, una soketi ya plastiki. Unataka ule mnene tu. Huo mwembamba ndio unaoiamrisha stata izunguke: ukiupa umeme kwa bahati mbaya na gari la manyuo limeachwa kwenye gia, gari litaruka mbele na wewe uko chini yake. Kwa gari la manyuo ambalo hujui limeachwa gia gani, mwite fundi.

Ncha za upande wa betri nzima ziwe huru, hazijaungwa kokote. Vuta kofia ya mpira, bana nati ya waya mnene kwa kibanio chekundu, kisha zungushia mpira wa tyubu ili meno yake yasiguse chuma kingine. Kibanio cheusi bana kwenye bolti ya injini isiyo na rangi. Toka chini ya gari kabisa. Sasa, ukiwa nje, unga nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, halafu nyeusi kwenye hasi. Cheche ikitokea, itokee huku ulipo na si kule chini.

Subiri dakika moja au mbili kabla ya kubonyeza rimoti, maana betri iliyokufa nayo inavuta umeme. Ukisikia vitasa vinagonga kinyonge bila kufunguka, subiri dakika tano nyingine. Nyaya zikipata moto mkononi, au cheche ni kubwa kupita kiasi, betri ya gari ina shoti ndani. Tenganisha haraka, njia hii haitafaa. Vitasa vikifunguka, fungua mlango mmoja uuache wazi kabla ya kutoa nyaya. Kuzitoa, anza na betri nzima.

Haibridi kama Prius au Aqua hazina stata ya kawaida, kwa hiyo kwao njia hii haipo.

Kabari na fimbo

Ikiwa ufunguo na rimoti vyote vimefungiwa ndani, mchonga funguo atatumia kabari. Kinachotakiwa ni kufungua mwanya wa sentimita 1.5 hadi 2 kwenye kona ya juu ya mlango upande wa nyuma, upitishe fimbo, ufungue komeo. Kabari iwe ya plastiki au mbao laini iliyofungwa kitambaa. Bora zaidi ni mfuko wa hewa wa kujaza kwa pampu, na mfuko wa kipimo cha presha ya damu hufanya kazi hiyo vizuri. Mwanya ukizidi sentimita hizo mbili fremu ya mlango inapinda. Hutaliona kosa hilo siku hiyo, utalisikia upepo unapopiga mluzi ukiwa njia ya Shinyanga, na mvua za masika zitakapolowesha kiti.

Fimbo iwe ya chuma cha milimita 4 hivi, urefu wa mita moja na kidogo, ncha imefungwa mpira ili isikwangue. Sasa sikiliza hili, maana mafundi wengi hutumia nusu saa bure hapo: usilenge swichi ya milango au ya vioo iliyo mlangoni mahali pa kuegemeza mkono. Betri imekufa, swichi hizo zimekufa nayo. Lenga komeo la mkono, yaani kile kidude cha kusukuma kilicho karibu na mkono wa ndani wa mlango, au kile kijiti kinachochomoza chini ya kioo. Kikishasogea, mlango unafunguka kutoka nje.

Baadhi ya magari ya Ulaya yana kufuli maradufu: yakifungwa kwa rimoti, hata mkono wa ndani hautoi kitu. Ukivuta komeo kwa fimbo na halisogei au linarudi, acha, unaumiza mlango bure.

Ile sahani nyembamba ya kuchomeka kati ya kioo na mpira wa mlango ilifaa kwa Corolla za zamani. Kwenye magari ya leo kuna nyaya za eabegi ya ubavuni, waya wa kitasa ulio ndani ya ala yake, na pia mota ya kioo, vyote kwenye njia ya sahani hiyo.

Jambo moja la kiungwana kabla ya kuanza: mtu anayechokonoa mlango wa gari huonekana mwizi, na watu hawangojei maelezo. Mwambie mlinzi wa eneo kwanza, asimame hapo. Kadi ya gari mara nyingi iko ndani ya gari lenyewe, kwa hiyo piga picha ya kadi na ukae nayo kwenye simu.

Kama kuna mtoto ndani

Basi yote yaliyoandikwa hapo juu hayana kazi. Vunja kioo. Gari lililoanikwa juani hupanda joto kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wa mtu mzima. Chagua kioo cha mlango kilicho mbali naye, piga kona ya chini kwa kitu kigumu chenye ncha, si katikati. Kioo cha mbele usikiguse, kimeunganishwa kwa tabaka la plastiki na hakivunjiki kirahisi. Funga nguo mkononi kabla ya kuingiza.

Umeshaingia

Ukiunga umeme alamu inaweza kulia. Bonyeza kufungua kwenye rimoti. Kushtua gari kuna mpangilio wake: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri hutoa gesi inayolipuka, ndiyo sababu haiwekwi juu ya betri. Acha gari linalosaidia liungurume dakika tano, kisha washa. Prius au Aqua isiombwe kulishtua gari jingine. Betri iliyovimba au kupasuka isishtuliwe, ibadilishwe.

Gari la otomatiki lisilo na umeme linagoma kutoka kwenye P. Karibu na mkono wa gia kuna kifuniko kidogo. Ukikitoa na kubonyeza kidude cha ndani kwa ufunguo au bisibisi, gia inatoka. Hakikisha hendibreki imevutwa na kuna jiwe nyuma ya gurudumu kabla hujafanya hivyo. Kusukuma ili liwake ni kwa manyuo tu.

Usikimbilie kuchomoa betri ikiwa gari lina redio ya Kijapani yenye ramani. Nyingi za Toyota zikikatiwa umeme zinajifunga na kudai kadi yake ya ramani au namba maalumu. Kadi ya SD iliyo ndani ya redio iache palepale, hata kama ramani ni ya Japani na huitumii. Vioo vinavyopanda vyenyewe navyo husahau. Inua kioo hadi juu, endelea kushikilia swichi sekunde mbili au zaidi, vitakumbuka.

Kwenda Usagara na kurudi hakujazi betri iliyokauka. Ipeleke kwa mwenye chaja: moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 4.5 kwa betri ya NS60 ya Ah 45 (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri), kwa saa 10 hadi 12. Ikikaa saa kadhaa bila kazi ipime. Volti 12.6 ni kamili, 12.2 ni nusu, 11.8 ni tupu. Ikijazwa na kushuka tena usiku huo huo, imekufa.

Kabla ya kusafiri

Hesabu ni rahisi. Taa ya ndani ya wati 8 hula Ah 16 kwa siku. Betri ya Ah 45 haimalizi siku ya tatu. Taa kubwa mbili za wati 55 huimaliza ndani ya saa tano. Gari zima lisilo na kasoro huvuta chini ya miliampea 50 likiwa limelala, sawa na Ah 1.2 kwa siku, kwa hiyo wiki moja bandarini isingelitosha kuliua. Likifa ndani ya wiki bila taa kuachwa, betri imechoka au kuna kitu kinakula: mara nyingi ni kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa vibaya, au alamu ya kuongezewa. Fundi aweke mita ya ampea kati ya hasi na waya wake, halafu achomoe fyuzi moja moja hadi namba ishuke.

Ukijua unaenda Ukerewe wiki mbili au zaidi, legeza hasi kwa spana namba 10 na uisogeze pembeni, ila fikiria kwanza ile redio yenye ramani. Gari sasa halina umeme, kwa hiyo kabla ya kulegeza hakikisha mambo mawili: ufunguo wa chuma unafungua na kufunga mlango wa dereva, ukijaribu huku kioo kikiwa kimeshushwa, na ufunguo huo uko mfukoni mwako, si kwenye begi lililobaki buti. Kisha pandisha vioo, fungua boneti, legeza hasi, shusha boneti, sukuma makomeo ya milango mingine kwa mkono, na ufunge wa dereva kwa ufunguo.